Mjukuu wa Kitanda cha Sita

"Bibi, nakugeuza sasa. Upande wa dirisha."

"Dirisha lenyewe chafu," bibi alisema. Kiharusi kilikuwa kimempinda mdomo, na maneno yalitoka yamelowa, lakini yalitoka.

Kitinda alisimama upande wa dirisha. Alikunja goti la mguu uliolemaa, akaulaza mkono mlegevu juu ya kifua, akaikamata shuka ya katikati kwa mikono miwili na kuivuta kwake mara moja, bila kushtua. Mwili ukafuata. Akaweka mto mmoja mgongoni na mwingine katikati ya magoti, akapitisha kiganja chini ya kisigino kuhakikisha hakigusi godoro. Kisha akakagua ngozi ya nyonga na ya mkiani. Ilikuwa nzima. Bibi alikuwa amelala pale karibu mwezi, na ngozi yake bado ilikuwa nzima, jambo ambalo katika wodi ile lilihitaji maelezo.

Maelezo yalikuwa rahisi. Wodi ilikuwa na vitanda arobaini na zamu ya usiku ilikuwa na muuguzi mmoja. Muuguzi mmoja hugawa dawa, hubadilisha dripu, hupokea wagonjwa wapya na kuandika. Hapati nafasi ya kugeuza watu. Wenye uwezo walikodi mtu wa kukaa na mgonjwa wao. Wasio na uwezo, wagonjwa wao walipata vidonda vya kulalia. Mwana wa bibi, muuza vipuri vya magari, alikuwa amemkodi Kitinda, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu ambaye mchana alikuwa kwenye wodi hiyohiyo kwa mafunzo ya vitendo. Kwa hiyo mchana alimgeuza bibi bure akiwa na sare ya buluu, na usiku akamgeuza kwa malipo akiwa na gauni la nyumbani.

Kazi hiyo alitafutiwa na Sista, mkuu wa wodi. "Kanuni inamkataza mwanafunzi kupokea pesa kwa ndugu wa mgonjwa," Sista alimwambia siku ile huku akihesabu shuka. "Kwa hiyo ukiulizwa, wewe ni mjukuu. Mjukuu haulizwi maswali."

Kitinda alikubali kwa sababu ya ada. Kwao alikuwa kitindamimba, ndipo lilipotoka jina, na kaka yake mkubwa, fundi wa kuchomelea, alimlipia mihula yote mpaka karakana alikofanya kazi ilipofungwa. Ulibaki muhula mmoja wa kulipia, huu wa mwisho. Mfuko wa ufadhili wa chuo ulikuwa tayari kulipa nusu ya ada ya muhula huo kwa masharti mawili: barua ya mwenendo mwema kutoka kwa Metroni, mkuu wa wauguzi wa hospitali, na uthibitisho kwamba mwanafunzi ana kipato cha kulipia nusu inayobaki. Uthibitisho alishaupeleka. Barua Metroni aliahidi kuisaini leo, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea maombi. Ambaye ada yake haijakamilika asingeruhusiwa kuingia kwenye mtihani wa mwisho wiki ijayo.

"Mjukuu," bibi aliita. "Maji."

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kustaafu, na udanganyifu ule mdogo ulimfurahisha kuliko alivyotaka kuonyesha. Kitinda alimnyanyua kichwa na kumpa maji kwa kijiko, akisubiri koo limeze kabla ya kijiko kingine.

Raundi ilianza mapema kuliko kawaida. Daktari alikuwa mgeni, amehamishiwa hapo juzi. Nyuma yake alikuja Sista, na nyuma ya Sista alikuja Metroni, ambaye alipita wodi zote mara moja kwa mwezi na hakumwambia mtu siku. Kitinda alikuwa hajabadilisha nguo. Alikuwa amevaa viatu vya chuo tayari, vyeupe vya kamba, na mkononi alikuwa na blanketi aliloanza kulikunja.

"Wewe ni nani wa mgonjwa?" daktari aliuliza.

"Mjukuu, daktari."

"Haya, mjukuu. Bibi ameamkaje?"

Mjukuu hujibu kwamba bibi hajambo kidogo, au kwamba analalamika mguu. Lakini Kitinda hakuwa amelala, na swali lilitoka kwa daktari aliyesimama miguuni mwa kitanda na kalamu mkononi. Kwa miaka mitatu swali hilo, likiulizwa hivyo na mtu aliyesimama hivyo, lilikuwa na jibu la aina moja tu. Aliweka blanketi chini, mikono ikaenda nyuma, mgongo ukanyooka.

"Mgonjwa ni mwanamke wa miaka sabini na moja, kiharusi, amelemaa upande wa kulia. Amelala vipande vipande. Joto ni la kawaida. Presha ya alfajiri mia na hamsini kwa tisini. Mkojo unatoka vizuri kwenye mpira, rangi yake ni nyepesi. Anameza uji mzito bila kupaliwa. Amegeuzwa kila baada ya saa mbili, ngozi haina kidonda. Choo hajapata siku ya tatu sasa. Naomba daktari amwangalizie dawa."

Sista alitazama sakafu. Daktari alicheka.

"Bibi, huyu mjukuu wako amemeza kitabu?"

"Anaongea kama taarifa ya habari," bibi alisema. "Mimi nimezoea."

Daktari aliandika dawa ya choo na kusogea kitanda cha saba. Metroni alibaki palepale. Alimtazama Kitinda usoni, akashusha macho taratibu mpaka kwenye viatu.

"Ukishaoga, njoo ofisini," alisema.

Ofisi ya Metroni ilikuwa chumba kilichowahi kuwa stoo ya dawa. Rafu bado zilikuwa na majina ya dawa yaliyoandikwa kwa rangi, na juu yake sasa yalikaa mafaili. Kitinda alisimama akiwa na sare ya buluu, beji kifuani, nywele bado mbichi.

"Unalipwa?" Metroni aliuliza.

"Ndiyo, Metroni."

"Nilitaka useme hapana." Alivua miwani na kuifuta kwa pindo la koti. "Kanuni unaijua?"

"Naijua. Nilidhani ni ya rushwa. Mtu akikupa pesa ili mgonjwa wake apate kitanda."

"Kanuni haina habari na ulichodhani. Inasema pesa." Alirudisha miwani. "Kaa. Sikiliza. Nikipeleka taarifa kwamba mwanafunzi analipwa na ndugu kumgeuza mgonjwa usiku, swali la kwanza halitakuwa lako. Wataniuliza muuguzi wa zamu alikuwa wapi. Muuguzi wa zamu ni mmoja. Wanajua ni mmoja, wao ndio walionipa mmoja. Ila hawapendi kuandikiwa."

"Naelewa."

"Huelewi, lakini si kitu. Chukua karatasi. Andika kwamba usiku ulikuwa unakaa na mgonjwa kwa kujitolea, bila malipo. Weka saini. Na mimi naweka saini yangu kwenye barua yako, kila mtu anarudi kazini."

"Na malipo ya wiki hii?"

"Malipo gani?" Metroni aliuliza.

Kitinda aliandika. Mwandiko wake ulikuwa wa chuo, wa wima, usiounganisha herufi, ili mtu wa zamu inayofuata asikosee. Metroni alisoma, akaiweka ile karatasi kwenye faili, akasaini barua ya mwenendo na kugonga muhuri. Halafu akaichukua tena na kuongeza sentensi kwa mkono wake: mwanafunzi huyu hujitolea usiku bila malipo, kwa moyo wa kiuguzi.

"Hiyo itakusaidia," alisema, na alimaanisha.

Karani wa ufadhili alikaa nyuma ya kioo kwenye jengo la chuo, ng'ambo ya uwanja wa kuegesha magari ya wagonjwa. Wanafunzi walimwita Kamilisha, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila mtu: kamilisha, kisha uje. Foleni ilikuwa ndefu, kama siku zote za mwisho, na ilijaa watu waliojuana madeni. Kitinda alipofika mbele adhuhuri ilikuwa imepita. Alipitisha barua chini ya kioo.

Kamilisha aliisoma hadi mwisho, pamoja na maneno ya mkono.

"Hongera, dada. Metroni si mtu wa kusifia." Akavuta faili, akalifungua, akatazama karatasi moja, akatazama nyingine. "Ila hapa uliandika una kipato. Kumwangalia mgonjwa usiku. Mwana wa mgonjwa amesaini, na namba yake ya simu hii hapa."

"Ndiyo."

"Na Metroni anasema hulipwi."

Kamilisha aliziweka zile karatasi mbili kando kwa kando.

"Sasa nishike lipi?"

"Shika yote mawili, kaka. Moja ni la kipato, lingine ni la mwenendo."

"Yanakaa faili moja. Mkaguzi akilifungua atakuta mgonjwa yuleyule, usiku uleule, unalipwa na hulipwi. Hatakuita wewe. Ataniita mimi."

"Ukitoa ule uthibitisho?"

"Basi huna kipato. Mfuko hautoi nusu kwa mtu asiye na nusu."

"Ukitoa barua?"

"Huna mwenendo."

Nyuma yake mtu alikohoa kikohozi cha foleni. Kitinda aliinama karibu na tundu la kioo. "Hebu niambie. Mwenye pesa hana haja ya kuomba, na asiye nazo mnamwambia akazitafute kwanza. Akizitafuta, mnamwambia amekosa adabu. Huu mfuko ni wa nani?"

"Swali zuri," Kamilisha alisema bila kejeli. "Sanduku la maoni lipo pale mlangoni." Akashusha sauti. "Kuna njia. Ahirisha muhula."

"Niahirishe?"

"Ukiahirisha, wewe si mwanafunzi mpaka muhula ujao. Kanuni inamkataza mwanafunzi. Ukiwa nje, fanya kazi yako, lipwa, njoo na nusu yako na barua safi. Hakuna atakayekuuliza."

"Hiyo ni miezi sita."

"Mtihani haukimbii."

"Wenzangu watakuwa wameshaajiriwa."

"Dada, mimi situngi masharti, mimi nayapokea tu. Ukiamua, kamilisha hapa. Kama hujaamua, kuna watu nyuma yako."

Kitinda alitoka kwenye foleni. Alikaa kwenye ukingo wa saruji wa uwanja wa magari na kumpigia kaka yake.

"Mheshimiwa nesi," kaka aliitikia. Sauti yake ilikuwa na mwangwi. Alikuwa amelala chini ya kitu fulani cha chuma, kibarua cha siku moja.

Alimweleza. Kaka alisikiliza bila kumkatiza, kisha akasema angeweza kuuza mashine ya kuchomelea. Kuna mtu ameshaiulizia.

"Halafu utachomelea na nini, kiberiti?"

"Nitaazima."

"Kaka, usiuze."

Mlio wa nyundo ulisikika. "Miezi sita si miaka," kaka alisema. "Mama nitamwambia mimi."

"Mwambie mtihani umesogezwa."

"Umesogezwa na nani?"

"Mwambie umesogezwa tu."

Kabla ya kurudi kwa Kamilisha alipita kwa Metroni, kwa kuwa njia zilikuwa mbili tu na alitaka kuwa na uhakika wa moja. Metroni alikuwa akila ndizi amesimama. Kitinda alimweleza alichokikuta karani kwenye faili, akaomba barua iandikwe upya bila ile sentensi ya mkono.

"Na ile karatasi uliyoniandikia nikiwa nayo kwenye faili?" Metroni aliuliza. "Karani akinipigia nitamjibu nini? Kwani ulipopeleka huo uthibitisho wa kipato, ulitegemea nini?"

"Nilitegemea hamsomi."

Metroni alitafuna, akameza. "Kwa kawaida hatusomi," alikubali.

Kitinda aliweka barua ya mwenendo juu ya meza. Metroni alifungua faili, akatoa maelezo yale ya kujitolea na kumpa. Kila mmoja alichukua karatasi yake. Kitinda akaanza kufungua beji kifuani.

"Hiyo unakabidhi kwa karani, si kwangu."

"Sawa, Metroni."

"Usiku utakuwepo? Pale kwa bibi?"

"Nitakuwepo."

"Vizuri," Metroni alisema, na mara moja akaonekana kutamani asingelisema. Aligeukia rafu na kutafuta faili ambalo hakulihitaji.

Kamilisha alimpa fomu ya kuahirisha. Sababu za kuchagua zilikuwa ugonjwa, uzazi, msiba na nyinginezo. Kitinda alitia alama kwenye nyinginezo. Beji iliingia kwenye droo pamoja na beji nyingine, na droo ikafungwa kwa goti kwa sababu ilikuwa imejaa.

Jioni alirudi wodini na gauni la nyumbani na kandambili. Muuza vipuri alikuwa kando ya kitanda, amemshikilia mama yake bakuli la uji kwa namna ya mtu anayeshika betri inayovuja.

"Metroni amenipigia mchana," alisema. "Eti nikikulipa ni kosa. Nikamuuliza, na nisipokulipa nani atamgeuza mama? Akasema hilo ni suala la kiutawala."

"Sasa si kosa tena. Nimeahirisha masomo. Mimi si mwanafunzi."

Muuza vipuri alimtazama, bakuli likainama. "Sasa hapo nikupe hongera au nikupe pole?"

"Nipe ya wiki."

Alimpa. Bibi alikuwa amefuatilia mazungumzo kwa jicho moja zuri. "Hakumaliza?" alimuuliza mwanawe, kana kwamba Kitinda hayupo.

"Bado, mama. Mpaka muhula ujao."

"Wengi sana," bibi alisema. Haikueleweka kama alimaanisha wanafunzi aliowafundisha au kitu kingine. Alifumba midomo kukataa uji.

Baada ya muda wa wageni kwisha, Sista alitokea mwisho wa wodi akisukuma toroli la dawa. Alikuwa wa zamu za mchana tangu apandishwe cheo. Metroni alikuwa amempangia usiku wiki nzima bila kueleza, na Sista hakuuliza. Alikuwa peke yake. Alimaliza safu ya kwanza, akafika kitanda cha sita, akampima bibi presha, akaandika.

"Nimesikia," alisema bila kuinua kichwa. "Kosa langu. Ningekwambia ujifanye bubu."

"Si kosa lako, Sista."

"Mjukuu bubu. Angalau hilo lingeaminika."

Wote wawili walitabasamu kidogo. Kutoka upande wa pili wa wodi mgonjwa alikuwa akiguna, mguno uleule, kwa vipindi. Sista alisikiliza, akakumbuka jambo, akachukua boksi la glavu kutoka kwenye toroli na kumsogezea Kitinda.

"Ukimaliza wa sita nigeuzie na wa kumi na moja, mama. Kama unavyofanya mchana. Hajageuzwa tangu ulipoondoka, na nina dripu tatu zinaisha."

Wa kumi na moja alikuwa mwanamke aliyeokotwa kando ya barabara na kuletwa na gari la polisi. Hakuwahi kuwa na mgeni hata mmoja. Mchana, akiwa na sare, Kitinda alimgeuza, akamlisha, akambadilisha shuka, na hakuna aliyewahi kuliita hilo jambo lolote isipokuwa mafunzo ya vitendo.

Hakuchukua boksi.

"Wa kumi na moja analipiwa na nani, Sista?"

Sista alianza kucheka, akaacha. "Hana mtu. Unajua hana mtu."

"Ana hospitali," Kitinda alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida. Kisha akageuka, akasimama upande wa ukuta. "Bibi, nakugeuza sasa," alisema, akakunja goti lililolemaa na kuikamata shuka ya katikati.

Sista alibaki na boksi mkononi. Alitazama dripu zake, akatazama mlango, ambao hakuna aliyekuwa akiupitia. Mguno ulirudi. Akachomoa jozi moja ya glavu, akazivaa mwenyewe, na kuelekea kitanda cha kumi na moja.